Hesabu za dozi: fomula, uwiano au mnyororo wa vizio?

Mwanafunzi wa uuguzi anayesoma Moshi au Arusha hukutana na hesabu za dozi sehemu mbili. Darasani anapewa swali kwa Kiingereza na nafasi ya kuonyesha kazi. Wodini, iwe Mawenzi, KCMC au Mount Meru, anakuta faili, ampuli na mgonjwa anayesubiri. Mkufunzi wa kwanza anamfundisha fomula, msimamizi wa wodi anamwelekeza kwa uwiano, rafiki aliyetangulia mwaka anamwonyesha kuandika vizio kwa mlolongo. Mwisho anachukua nusu ya njia hii na nusu ya ile, na hapo ndipo makosa yanapozaliwa.

Njia zote tatu ni sahihi, na swali moja likifanywa vizuri kwa kila njia, jibu ni lile lile. Zinachotofautiana ni aina ya kosa ambalo kila moja inakuwezesha kuliona kabla dawa haijaingia kwa mgonjwa. Ukijua wewe mwenyewe unakosea wapi, kuchagua kunakuwa rahisi.

Vigezo tulivyotumia

Tumezipima kwa mambo matano: kiasi cha kukariri, kasi, hasa kama kikokotoo hakiruhusiwi, uwezo wa njia yenyewe kukushtua ukikosea, jinsi inavyobeba swali lenye hatua nyingi, yaani uzito, mgawanyo wa siku, matone, na urahisi wa mtu mwingine kuikagua kazi yako, awe msahihishaji wa mtihani au sista mnayehakiki dozi pamoja. Kigezo cha tatu tumekipa uzito kuliko vingine.

Maswali ya kupimia ni haya matatu, na kila njia tutaipitisha humo:

Swali A. Daktari ameandika gentamicin miligramu 60. Ampuli ina mg 80 katika ml 2. Unavuta ml ngapi?

Swali B. Mtoto wa kilo 10 aandikiwa amoxicillin mg 80 kwa kila kilo kwa siku, igawanywe mara 2. Dawa ya maji ni mg 250 katika ml 5. Kila dozi ni ml ngapi?

Swali C. Ringer's lactate ml 1000 ipite kwa saa 8. Seti ya dripu inatoa matone 20 kwa ml 1. Matone mangapi kwa dakika?

Kabla ya njia yoyote

Kuna kazi ambayo hakuna njia itakayokufanyia. Vizio lazima vilingane: gramu 1 ni mg 1000, mg 1 ni mikrogramu 1000. Andika 0.5, usiandike .5, kwa sababu nukta ikififia mtu anasoma 5. Na usiandike 5.0, kwa sababu nukta hiyo hiyo ikififia inakuwa 50. Neno "mikrogramu" liandike lote. Kile kifupisho chenye herufi ya Kigiriki, kwa mwandiko wa haraka, husomeka kama mg, na hiyo ni dozi mara elfu moja.

Kisha soma lebo hadi mwisho. Paracetamol ya maji ya watoto mara nyingi ni mg 120 katika ml 5, lakini ipo na ya mg 250 katika ml 5, na chupa zinaweza kufanana rangi. Kwa dawa ya unga, kumbuka kwamba unga wenyewe una ujazo. Ceftriaxone ya gramu 1 ukiitia maji ya sindano ml 9.6 unapata kama ml 10, yaani mg 100 kwa ml. Mtu mzima anayepewa kichupa kizima hadhuriki na tofauti hiyo. Mtoto anayepewa sehemu ya kichupa anahitaji uisome karatasi ya ndani ya boksi.

Jambo la mwisho hapa: kisia jibu kwanza. Swali A linataka mg 60 na ampuli ina 80, kwa hiyo jibu lazima liwe chini ya ml 2 na juu ya ml 1. Andika kisio hicho pembeni kabla hujaanza kukokotoa. Inachukua sekunde chache, na inafanya kazi kwa njia zote tatu.

Njia ya kwanza: fomula

*Inavyofanya kazi.* Kinachotakiwa, gawa kwa kilichopo, zidisha kwa ujazo wa kilichopo. Swali A: 60 ÷ 80 × 2 = ml 1.5. Swali B linahitaji kazi ya utangulizi: 10 × 80 = mg 800 kwa siku, gawa kwa 2, mg 400 kwa dozi; kisha 400 ÷ 250 × 5 = ml 8. Swali C lina fomula yake peke yake: ujazo mara matone ya seti, gawa kwa dakika. 1000 × 20 ÷ 480 = 41.67, matone 42.

*Inapofaa.* Ni ya haraka kuliko zote kwa vidonge, dawa za maji na sindano za hatua moja. Msahihishaji anaijua, anaikagua kwa kutazama mara moja. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye siku nzima yuko kwenye wodi ya watu wazima akigawa vidonge, inamtosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

*Inapokwama.* Haina macho. Ukigeuza namba, 80 ÷ 60 × 2, inakupa ml 2.67 bila kulalamika. Kinachokuokoa ni kujua kwamba ampuli nzima ni ml 2. Ukichanganya vizio, nako inanyamaza. Chukua digoxin: agizo mikrogramu 125, kidonge ni mg 0.25. Ukiweka namba kama zilivyo, 125 ÷ 0.25, unapata vidonge 500. Jibu sahihi ni nusu kidonge. Hilo mtu ataligundua kwa sababu ni kubwa mno. Linalotisha zaidi ni kosa linalofanana na jibu. Mtoto wa kilo 12 apewe paracetamol mg 15 kwa kilo, ni mg 180. Dawa ni 120 katika ml 5. Mwanafunzi anagawa 180 kwa 120, anapata 1.5, anasahau kuzidisha kwa 5, anavuta ml 1.5 badala ya 7.5. Mililita moja na nusu kwa mtoto mdogo haimshtui mtu. Homa haishuki, na wodi nzima inadhani dawa imeshindwa.

Tatizo jingine ni idadi ya fomula. Ya vidonge, ya matone, ya mililita kwa saa, ya mikrogramu kwa kilo kwa dakika: kila moja unaikariri kivyake, na chini ya presha ya mtihani zinaingiliana.

*Inamfaa nani.* Anayekumbuka vizuri, anayeandika vizio kando ya kila namba hata kama fomula haimlazimishi, na ambaye maswali yake mengi ni ya hatua moja.

Njia ya pili: uwiano

*Inavyofanya kazi.* Hii ndiyo hesabu ya sokoni. Ukiwa Mbuyuni, kilo 2 za mchele zikiwa shilingi 5,000, hakuna anayehitaji fomula kujua kilo 3 ni 7,500. Swali A: mg 80 ziko katika ml 2, mg 60 ziko katika ml ngapi? Unaandika 80 : 2 = 60 : x, unazidisha kwa msalaba, 80x = 120, x ni 1.5. Au unashuka hadi moja: mg 80 katika ml 2 ni mg 40 katika ml 1, 60 ni 40 na nusu yake, basi ml 1.5.

Swali B: mg 250 katika ml 5 ni mg 50 kwa ml. Mtoto anahitaji 800 kwa siku, 400 kwa dozi. 400 ÷ 50 ni ml 8.

Swali C linakwenda ngazi kwa ngazi: ml 1000 kwa saa 8 ni ml 125 kwa saa, ni ml 2.083 kwa dakika, mara matone 20 ni 41.67, yaani 42.

*Inapofaa.* Inakaa kichwani. Umesimama mbele ya meza ya dawa, huna karatasi, unajua gentamicin hii ni 40 kwa ml. Dozi yoyote inayofuata unaigawa kwa 40. Njia hii pia ndiyo inayofafanua vizuri zaidi lebo zinazowasumbua wengi. Adrenaline ya 1 kwa 1,000 ni gramu 1 katika ml 1,000, kwa hiyo mg 1 katika ml 1. Ya 1 kwa 10,000 ni mg 0.1 katika ml 1. Mtu aliyeizoea njia ya uwiano anaona papo hapo kwamba kuzichanganya hizo mbili ni kukosea mara kumi. Ni hivyo hivyo kwa magnesium sulphate ya asilimia 50: gramu 50 katika ml 100, nusu gramu kwa ml. Gramu 4 ni ml 8. Ukiongeza maji ya sindano ml 12 unapata ml 20 za asilimia 20, ambazo ndizo zinazopitishwa taratibu kwenye mshipa kwa mama mwenye kifafa cha mimba.

*Inapokwama.* Kwanza, kupanga. Ukiandika 80 : 2 = x : 60, mililita zimekaa upande wa miligramu na huoni. Dawa yake ni kuandika "mg" na "ml" juu ya safu kabla ya kuweka namba yoyote. Pili, kukadiria mapema. Kwenye Swali C, mwanafunzi anayeifanya 2.083 kuwa 2 kwa sababu inapendeza anapata matone 40 badala ya 42. Kwa Ringer's ya mtu mzima hilo halina madhara makubwa. Kwa dawa inayopandisha presha, ukiwa na hatua nne na umekadiria katika kila moja, unafika mbali na ulikokusudia. Kadiria mara moja tu, mwishoni. Tatu, kila ngazi ni swali jipya, na kwenye karatasi ya mtihani kazi inakuwa ndefu; msahihishaji akipotea katikati, alama zinapotea naye.

*Inamfaa nani.* Mwenye kichwa cha hesabu za papo kwa papo, na anayetaka kuelewa dawa iliyo mkononi kabla ya kuikokotoa. Inamfaa pia anayekariri kwa shida: hapa hakuna cha kukariri ila mabadiliko ya vizio.

Njia ya tatu: mnyororo wa vizio

*Inavyofanya kazi.* Unaanza na kizio cha jibu, upande wa kushoto. Kisha unaunga sehemu moja baada ya nyingine, kila sehemu ikiwa na kizio juu na kizio chini, na kila kizio usichokitaka kinakutana na mwenzake na kukatwa. Kinachobaki lazima kiwe kile ulichoandika mwanzo.

Swali A:
ml = (ml 2 / mg 80) × mg 60
Mg zinakatana. Inabaki ml. 120 ÷ 80 = 1.5.

Swali B:
ml kwa dozi = (ml 5 / mg 250) × (mg 80 / kilo·siku) × kilo 10 × (siku 1 / dozi 2)
Mg zinakatana, kilo zinakatana, siku zinakatana. Inabaki ml kwa dozi. 4000 ÷ 500 = 8.

Swali C:
matone kwa dakika = (matone 20 / ml 1) × (ml 1000 / saa 8) × (saa 1 / dakika 60)
20,000 ÷ 480 = 41.67, matone 42.

*Inapofaa.* Rudi kwenye Swali B. Kosa la kawaida kabisa wodi ya watoto ni kusahau kugawa dozi ya siku, ukampa mtoto ml 16 mara mbili badala ya ml 8 mara mbili. Fomula haikwambii. Uwiano haukwambii. Kwenye mnyororo, ukiacha ile sehemu ya mwisho, vizio vinavyobaki ni "ml kwa siku" wakati kushoto umeandika "ml kwa dozi". Karatasi yenyewe inakuonyesha kuna kiungo hakipo. Ukigeuza ampuli kwenye Swali A, mg 80 / ml 2 mara mg 60, unabaki na mg juu mara mbili na ml chini, kitu kisicho na maana. Unajua kuna kosa kabla hujagusa namba.

Na hapa ndipo njia hii inapozidi zile mbili: maswali ya dripu za dawa kali. Dopamine mikrogramu 5 kwa kilo kwa dakika, mgonjwa wa kilo 60, mg 200 zimetiwa kwenye ml 500, seti ya matone 60 kwa ml:

matone kwa dakika = (matone 60 / ml 1) × (ml 500 / mg 200) × (mg 1 / mikrogramu 1000) × (mikrogramu 5 / kilo·dakika) × kilo 60

Juu: 60 × 500 × 5 × 60 = 9,000,000. Chini: 200 × 1000 = 200,000. Jibu 45. Mstari mmoja, hakuna kukadiria katikati, na mtu wa pili anaukagua kiungo kwa kiungo akiwa na faili mkononi.

*Inapokwama.* Inachukua muda kuizoea, na anayeogopa hesabu za sehemu, kama 3/4, ataiona kama ukuta. Kwa nusu kidonge ni kazi kubwa kuliko inavyostahili. Pia ni njia ya kuzidisha na kugawa tu. Palipo na kujumlisha haisaidii. Zile ml 8 na ml 12 za magnesium, au ujazo wa unga wa ceftriaxone, utavifikiria nje ya mnyororo kisha uingize matokeo. Na inaweza kukupa imani ya uongo. Vizio vikikatana vizuri haimaanishi namba ni za kweli: ukiandika matone 20 huku mkononi una bureti ya matone 60, mnyororo utafunga vizuri kabisa na dripu itapita kwa theluthi ya kasi iliyotakiwa.

*Inamfaa nani.* Anayekwenda wodi ya watoto, watoto wachanga au wagonjwa mahututi. Anayejua kwamba kosa lake ni kusahau hatua. Na anayepoteza alama kwa kuchanganya fomula za matone.

Zote tatu zikishafika mwisho

Jibu la karatasi lazima liingie kwenye sirinji. Chukua artesunate ya malaria kali. Kichupa cha mg 60 kinayeyushwa kwa bicarbonate ml 1, kisha kwa mshipa unaongeza ml 5, jumla ml 6, yaani mg 10 kwa ml. Kwa msuli unaongeza ml 2, jumla ml 3, mg 20 kwa ml. Mtoto wa kilo 13, aliye chini ya kilo 20, anapata mg 3 kwa kilo: mg 39. Kwa mshipa ni ml 3.9, kwa msuli ml 1.95. Sasa itazame sirinji ya ml 5: mistari yake midogo ni ya ml 0.2. Kuna 3.8, kuna 4.0, lakini 3.9 haina mstari. Ndiyo maana mwongozo wa dawa hii unakadiria kwenda juu hadi mililita nzima, ml 4 kwa mshipa na ml 2 kwa msuli. Usiihamishe ruhusa hiyo kwenye dawa nyingine. Gentamicin ya mtoto mchanga haikadiriwi juu hivyo. Unatafuta sirinji ya ml 1 yenye mistari ya 0.01.

Kosa la artesunate, kwa njia yoyote ile, ni kuhesabu ml 1 ya bicarbonate na kusahau kilichoongezwa. Andika kwenye kichupa mg kwa ml mara tu unapomaliza kuchanganya.

Insulini iache nje ya mjadala huu. Ina sirinji yake ya yuniti 100 kwa ml, unavuta yuniti zilizoandikwa.

Uchague vipi, kwa hali yako

Kama mtihani uko wiki mbili mbele, usibadilishe njia. Baki na unayoijua, ongeza mazoea mawili tu: kisio pembeni na vizio kando ya kila namba.

Kama ndiyo kwanza unaanza ngazi ya cheti au stashahada, anza na uwiano hadi uelewe lebo, kisha fomula kwa ajili ya kasi. Mnyororo uingize muhula unaofuata, ukiwa umeshazoea sehemu.

Kama sehemu zenyewe zinakusumbua, 3/4 mara 2 inakutoa jasho, hakuna njia kati ya hizi itakayokuokoa. Rudia kuzidisha sehemu na desimali kwanza. Daftari la darasa la sita linatosha.

Kama unapangiwa wodi ya watoto au mahututi, jifunze mnyororo kabla ya kwenda, na uwiano utumie kuhakiki. Kuhakiki kwa njia ile ile mara mbili mara nyingi ni kurudia kosa lile lile mara mbili.

Kama wodi haina pampu na dripu zote mnahesabu matone kwa saa ya mkononi, shika njia fupi hii: seti ya matone 20, gawa ml za saa kwa 3; ya matone 15, gawa kwa 4; ya matone 60, ml za saa ndizo matone ya dakika. Ml 125 kwa saa kwa seti ya 20 ni 42, sawa na 10 hadi 11 kila sekunde 15. Idadi ya matone kwa ml imeandikwa kwenye pakiti ya seti. Isome kabla hujaitupa.

Kama mkufunzi anadai njia fulani, andika yake kwenye karatasi ya majibu, na nyingine kwenye karatasi ya kazi ya pembeni. Mkiwa kikundi cha kujisomea, gawaneni: swali moja, watu watatu, kila mmoja na njia yake, kisha mlinganishe majibu kabla ya kufungua ukurasa wa majibu. Na badala ya kutegemea maswali ya kitabu peke yake, ombeni maboksi matupu ya dawa wodini au duka la dawa. Namba zilizo kwenye lebo hizo ndizo mtakazokutana nazo zamu ya kesho.